Mashine ya Majibu Safi

Mtu aliyeitwa Profesa hakuwahi kufundisha darasa lolote, isipokuwa tukiyahesabu yale masomo ambayo wanafunzi wake waliyalipia bila kujua kwamba wanasoma. Alikuwa amekwisha kuuza machujio ya maji yasiyochuja, na sabuni ya kuotesha nywele ambayo yeye mwenyewe, kwa upara wake, alikuwa tangazo lake baya. Jina la heshima alipewa kwa sababu ya miwani yake, ambayo vioo vyake havikuwa na nguvu yoyote, na kwa sababu ya desturi yake ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu swali, kama mtu anayechagua ukweli mmoja kati ya mingi aliyo nayo.

Siku fursa ilipomjia alikuwa ameketi katika ukumbi wa kungojea wa idara ya picha ya hospitali kuu. Hakuwa mgonjwa, wala hakumsindikiza mgonjwa. Jua la siku hiyo lilikuwa kali, na hospitali ilikuwa ndiyo jengo pekee la umma ambalo viyoyozi vyake vilifanya kazi na walinzi wake hawakumuuliza mtu swali. Mbele yake, katika mabenchi ya chuma, wanawake walikuwa wakingoja kupigwa picha za matiti.

"Wanakubana kama kola chini ya pasi," alisema mmoja.

"Bora ingekuwa kubanwa tu. Nasikia mpiga picha leo ni mwanamume."

"Mwanamume gani? Mtoto mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho! Nimvulie nguo leo, kesho tukutane sokoni tunapigania nyanya?"

"Halafu majibu yenyewe unayangoja mpaka hofu inahamia kwako, inalala kitandani, inakula chakula chako."

"Basi mimi, shoga yangu, ninaondoka. Kama lipo, lipo."

Na kweli akaondoka, mkoba kwapani. Profesa akamtazama mpaka alipoishia mlangoni, kama vile muuza viatu anavyomtazama mtu anayechechemea.

Juu ya benchi palikuwa na gazeti ambalo mtu alikuwa amelitumia kujipepea. Katika ukurasa wa sayansi yalikuwamo maelezo ya watafiti wanaotafuta dalili za saratani ya matiti ndani ya damu: vipande vya vinasaba na protini ambazo uvimbe huziachia, alama ndogo ambazo pengine siku moja zitatoa habari ambayo leo hupatikana kwa picha na kwa sindano ya kuchukua kipande cha nyama. Profesa alisoma kwa hamu hadi akafika penye aya iliyoanza na neno "Lakini." Hapo akalikunja gazeti na kulitia mfukoni. Aya hiyo ilieleza kwamba kazi bado inaendelea, kwamba baadhi ya alama hizo huonekana kwa watu wasio na ugonjwa na kukosekana kwa wenye ugonjwa, na kwamba hakuna daktari makini atakayemwachia mwanamke mwenye uvimbe aende zake kwa kutegemea damu peke yake. Hakuisoma. Watu hudhani kwamba matapeli ni watu wasiosoma. Si kweli. Matapeli ni watu wanaojua mahali pa kuishia.

Mashine ilipatikana kwa urahisi uliostahili sayansi yake. Saluni moja ilikuwa imefungwa, na mwenyewe alikuwa akiuza vyombo; Profesa akachukua taa ya kukaushia rangi ya kucha, ile itoayo mwanga wa zambarau. Akaongeza kengele iliyotolewa katika jiko bovu la umeme, akavifunga vyote ndani ya sanduku jeupe lililopigwa msasa kwa uangalifu. Dada yake, aliyekuwa fundi wa kushona sare za shule, akalishonea kifuniko cha mahameli. Tone la damu liliwekwa juu ya kioo, kioo kikaingizwa kwenye mwanga, mwanga ukanguruma kidogo kwa sababu ya feni iliyolegea, kengele ikalia. Hiyo ndiyo iliyokuwa maabara.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Nesi alikuwa mwigizaji ambaye kikundi chake kilikuwa kimevunjika baada ya kuzunguka shule kwa shule na mchezo wa kuhimiza usafi. Katika mchezo huo alikuwa ameigiza nesi, na kikundi kilipovunjika aliondoka na sare, kwa maana kila mtu aliondoka na alichokivaa.

"Tone moja tu, na hakuna kuvua," ndivyo alivyofundishwa kusema. Alisema vizuri sana. Wanawake walianza kuja: kwanza wale walioikimbia idara ya picha, kisha dada zao, kisha wake wa wakubwa, ambao hawakuwa wameikimbia idara hiyo kwa sababu hawakuwa wamewahi kuifikia. Alikuja pia mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyewahi kutia hofu vizazi viwili vya watoto, akanyoosha kidole chake kuchomwa bila kukunja uso, akaambiwa kwamba ni safi sana, akashuka ngazi taratibu kama anayetoka kupokea nishani.

Yalikuwapo majibu ya aina mbili. Aliyelipa bei ya kawaida aliambiwa kwamba ni safi. Aliyelipa bei ya juu aliambiwa kwamba ni safi sana.

"Profesa," nesi alimuuliza siku moja walipokuwa wakifuta vioo, "mbona hatumwambii hata mmoja kwamba anao? Watu watashuku. Mji mzima hauna mgonjwa?"

Profesa akanyamaza kidogo, kama ilivyo desturi.

"Binti yangu, ukimwambia mtu ni mgonjwa, atafanya nini?"

"Atalia."

"Akishalia?"

"Atakwenda hospitali kuhakikisha."

"Umeona. Sasa ukimwambia ni mzima?"

"Atafurahi."

"Atakwenda kuhakikisha?"

Nesi akafikiri. "Nani aende kuhakikisha furaha?"

"Biashara yetu yote imo humo. Habari mbaya hudaiwa ushahidi. Habari njema hupewa kiti."

"Na akija mwenye uvimbe? Nimuulize kabla ya kumchoma?"

"Usimuulize mtu yeyote. Ukiuliza utajua, na ukishajua utakosa usingizi. Mimi sitaki mfanyakazi anayesinzia kazini."

Kanuni hiyo ilikuwa kamili, na kama kanuni nyingi kamili ilikuwa imetungwa na mtu ambaye hakutarajia kwamba ingempata.

Tajiri ndiye aliyemiliki jengo hilo, duka la viatu lililokuwa chini, na, kwa imani yake mwenyewe, hewa iliyopita madirishani. Alikuwa ameketi katika ofisi mara nyingi, ameona taa ikiwaka na kengele ikilia, akawaona wanawake wakitoka wamenyooka migongo. Mwishowe alimwita Profesa nyumbani kwake kwa mazungumzo ya wanaume.

"Profesa, wewe ni msomi lakini biashara huijui," alianza. "Watu wanatoka kwako wanacheka. Faida ya mtu anayecheka ni nini? Anakwenda zake."

"Bosi, hii ni huduma ya afya."

"Afya haina faida. Kwa nini mashine isiseme kwamba huyu anao, yule hana, huyu anao kidogo? Mwenye nao anatetemeka, tunamuuzia vidonge. Nina binamu yangu ana mtambo wa chokaa. Chokaa ile ukiipaka rangi ya waridi huwezi kuijua."

Profesa alishtuka. Alikuwa na maadili ya kazi yake, na alihisi kama seremala aliyeonyeshwa shoka na kuambiwa atengenezee nalo kabati.

"Sisi hatuwatishi watu, bosi. Tunawafariji, kwa bei."

"Basi niuzie mashine, nikawatishe mwenyewe."

Ilibainika kwamba maadili hayo nayo yalikuwa na bei, na Tajiri aliitaja bila kusitasita. Wakakubaliana kwamba baada ya siku chache mashine ingehamia katika kliniki mpya ya Tajiri, na Profesa angehamia mji mwingine. Alirudi nyumbani akiwa na moyo mwepesi, akipiga mluzi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa mbao. Cha mbele kilikuwa cha dada yake, pamoja na cherehani yake, mabunda ya kaki na harufu ya mafuta ya mashine. Mama yao alipofariki, dada huyo aliacha shule ili ndugu yake aendelee. Ndugu naye akaendelea hadi hapa alipofika. Dada huyo alikuwa mtu pekee mjini ambaye Profesa hakuwahi kumtia mkono mfukoni. Dada alimwamini kwa kiasi kile ambacho mtu huamini kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Leo nilikuja ofisini kwako," dada akasema akimpakulia chakula.

"Kufanya nini, Dada? Nilikuwa kwa Tajiri."

"Kupima. Usikasirike, nesi hakunitoza kitu, alisema ndugu wa Profesa halipi." Akaweka mwiko chini. "Nilikuwa na kitu hapa." Akagusa ubavu wa titi la kushoto juu ya blauzi, kwa kidole kimoja, kama anayeonyesha kifungo kilicholegea. "Kigumu, kama kokwa la tunda. Kimekaa tangu mvua zianze. Nilikuwa silali, basi tu sikutaka kukutia wasiwasi. Nesi wako kanipima: safi sana! Nimerudi nikashona sare tano bila kusimama. Mbona umeacha kula?"

Profesa alikuwa ameacha kula.

"Dada, lazima uende hospitali. Kesho asubuhi."

"Kufanya nini tena? Wakanibane kama kola?"

"Mashine ile… haisomi sawasawa damu ya ndugu wa mwenye mashine."

"Haya! Si wewe uliyesema haichagui umri, kabila wala ukoo? Nilikusikia ukijizoeza. Ukuta huu ni mbao, mdogo wangu."

"Pengine leo ilikuwa haijapata joto."

"'Katika joto, katika baridi, katika unyevu, haikosei.' Uliirudia hiyo mpaka nikamaliza kola ya shati."

Profesa akaona kwamba kila mlango anaoujaribu aliufunga mwenyewe kwa ufundi mkubwa. Ndipo alipofanya jambo ambalo kazi yake haikuwa imemwandaa kulifanya.

"Dada, ni uongo. Ile ni taa ya kukaushia kucha. Kengele ni ya jiko. Haipimi kitu. Kila anayekuja tunamwambia ni safi."

Dada akamtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya tepu ya kupimia.

"Wewe mtoto! Nimekulea mimi, uongo wako nisiujue? Ulipovunja dirisha la jirani ulinitazama machoni ukasema ni ndege, na sauti yako ilinyooka kama uzi kwenye tundu la sindano. Sasa jitazame. Jasho linakutoka, midomo inakucheza, maneno yanagongana kwenye meno. Hivyo ndivyo unavyosema uongo wewe? Kuna mtu kakutisha. Ni hao wa hospitali, siyo? Wameona wivu."

Ni vyema kumtendea haki. Alikuwa akiisema kweli kwa mara ya kwanza katika utu uzima wake, na aliisema vibaya, kama kila anayeanza kazi mpya. Angeweza kupiga magoti, kulia, kuapa. Kila kiapo kingehesabiwa kuwa tone jingine la jasho. Na kule chini ya blauzi kile kitu kigumu kingeendelea kukaa, kikiwa na cheti cha usafi kilichotolewa na yeye mwenyewe.

Basi akainamisha kichwa, akanyamaza kidogo. Alipokiinua, jasho lilikuwa limekauka, na sauti ilikuwa imenyooka.

"Dada, hujakosea. Nilitaka kukuficha. Wamenitukana."

"Nani?"

"Madaktari wa hospitali kuu. Wamesema mbele ya watu kwamba mashine yangu ni ya kihuni. Wanataka nilete mtu mmoja niliyempima, wampime kwa mitambo yao mikubwa, halafu walinganishe. Nikikataa watanifungia. Nami nitampata wapi mtu wa kukubali kubanwa na kuchomwa kwa ajili yangu?"

Dada alikuwa amekwisha kusimama.

"Wamekuitaje?"

"Tapeli."

"Mdogo wangu mimi? Tapeli?" Akafungua kabati kutafuta viatu vyake vya kutokea. "Asubuhi na mapema. Watanibana mpaka wachoke wao."

Wataalamu wa fani hiyo, kama wangekuwa na jarida lao, wangekubaliana kwamba huo ulikuwa utapeli bora kuliko wote aliowahi kuufanya. Haukumwingizia senti.

Katika idara ya picha dada aliingia kifua mbele, na kwa maana mbili. Wanawake waliokuwa wakingoja walihubiriwa kwa kirefu juu ya mashine ya ndugu yake, ambayo hata hospitali yenyewe ilikuwa ikiiogopa, na wawili wakainuka kwenda kuitafuta. Profesa, akiwa kwenye benchi lilelile la kiyoyozi, aliwaona wakipita mbele yake wakiulizana ni wapi lilipo duka la viatu. Akafungua kinywa kuwazuia, akakumbuka jinsi anavyotetemeka akisema kweli, akakifunga.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu anayekunywa chai yake ikiwa imepoa. Dada alipokuwa ndani akipigwa picha, daktari alitoka na kumwita Profesa pembeni.

"Mgonjwa anasema tunashindana na wewe."

"Daktari, bila kusema hivyo asingekuja."

"Kwa hiyo ndiwe mwenye taa." Hakupandisha sauti. "Wiki iliyopita alikuja mwanamke, titi limekwisha kuvunda. Namuuliza, mama, ulikuwa wapi? Ananiambia alipimwa juu ya duka la viatu, akaambiwa ni safi."

Profesa akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na haja hiyo.

"Nilisoma gazetini kwamba damu ina alama…"

"Inazo. Kuna watu wenye akili kukuzidi wanaokesha wakizitafuta, na bado hawathubutu kusema ulichokuwa ukikisema wewe kila asubuhi. Damu ni shahidi ambaye hatujaelewa lugha yake vizuri. Wewe umemwajiri mkalimani asiyejua hata salamu." Akageuka, kisha akarudi. "Ni nani wako?"

"Dada yangu. Ndiye aliyenilea."

"Alikuwa na kazi nyingi," akasema daktari, akaingia ndani.

Walipiga picha, wakaangalia kwa mawimbi ya sauti, wakachukua kipande kwa sindano. Dada alivumilia yote, akawaambia kwamba wataaibika. Majibu yalipotoka, daktari aliwaketisha wote wawili. Alisema ni saratani. Alisema ni ndogo bado, na kwa kadiri walivyoweza kuona haijasambaa, na kwamba ikitolewa upesi na dawa zikafuata, anayo matumaini ya kweli. Alisema pia gharama, kwa sauti ya chini, kama watu wasemavyo jambo ambalo wao hawakulipanga.

Dada hakulia. Alikuwa akimtazama ndugu yake.

"Kwa hiyo siku ile, jioni, ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo, Dada."

"Nami nikakucheka."

"Ndiyo."

"Umeniharibu mpaka masikio."

Walipofika nyumbani dada aliketi mbele ya cherehani bila kuiendesha, akamuuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa kama aliwahi kuwauliza wale wanawake iwapo wana uvimbe. Profesa akakiri kwamba alimkataza nesi asiulize. La pili lilikuwa mashine ile sasa ataifanyia nini. Akakiri kwamba kesho anamuuzia Tajiri, na akaeleza habari za vidonge vya chokaa. Dada akanyamaza, kimya cha fundi anayepima kitambaa kabla ya kukata, kwa maana kitambaa kikishakatwa hakirudi.

"Iuze," akasema hatimaye. "Matibabu hayalipwi kwa machozi. Nami nitakuja, nikubebee kifuniko."

Profesa aliguswa sana. Aliona kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba hata dada yake, alipobanwa na shida, alikuwa mtu wa mjini kama yeye. Watu wengi walikuwa wameingizwa mjini na Profesa wakiwa na mawazo mazuri vivyo hivyo.

Asubuhi, Profesa alipokuwa akioga na kuimba, dada alichukua bisibisi ya cherehani yake na kufanya kazi fupi.

Tajiri aliwapokea katika kliniki yake mpya iliyokuwa ikinuka rangi. Vidonge vya waridi vilikwisha kupangwa kabatini. Alikuwa ameiona mashine ikifanya kazi mara nyingi, kwa hiyo hakuomba kuonyeshwa. Alikuwa na haraka ya kumiliki. Akatoa mkoba wa fedha, akauweka mezani, akamwambia Profesa auhakiki.

"Kati ya waungwana hakuna kuhakiki," alisema Profesa, ambaye siku zote aliamini kwamba kauli hiyo huongeza heshima.

"Lete nikushikie, mdogo wangu," dada akasema. "Wewe bado una watu wa kupeana nao mikono."

Akauchukua mkoba. Nesi, aliyekuwa amekuja nao, akauliza choo kilipo. Dada akasema naye anakihitaji. Wanawake wawili wanapokwenda chooni pamoja hakuna mwanamume anayewauliza swali, na hekima hiyo imewaponza wanaume wengi. Profesa na Tajiri wakapeana mikono, wakapongezana, wakanywa soda. Tajiri akatamani kusikia kengele yake. Akabonyeza kitufe. Hakikulia kitu, hakikuwaka kitu. Akabonyeza tena, kisha akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na pasi mbovu, iliyofungwa kwa kitambaa cha kaki ili isigongegonge.

"Profesa," akasema Tajiri polepole, "hii ndiyo sayansi?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Profesa hakunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alinyamaza kabisa. Alitazama mlango wa choo, ambao ulikuwa wazi, na dirisha la choo, ambalo nalo lilikuwa wazi.

"Dada yako yuko wapi?"

"Nami ningependa kujua, bosi."

"Nitakwenda polisi!"

"Utawaambia nini?" Hapo ustadi ukamrudia, kama pumzi ya mwisho. "Kwamba ulinunua mashine ya uongo ukaletewa isiyo ya kweli? Na hivyo vidonge kabatini watavionja?"

Tajiri hakuwa mjinga kiasi hicho, hakwenda polisi. Aliwaita vijana wake wa kubeba mizigo. Profesa alishuka ngazi kwa namna ambayo miguu yake haikuhusika sana, akaacha miwani nyuma.

Alijificha kwa rafiki mmoja, kisha kwa mwingine, kwa kuwa hakuwa na rafiki wa kumvumilia zaidi ya siku chache. Alipokwisha kuwamaliza, alikwenda mahali pekee ambapo vijana wa Tajiri wasingeingia: wodi ya wanawake, saa ya kuwaona wagonjwa. Dada alikuwa amelala akiwa amefungwa bendeji kifuani, uso umemsawijika, macho yakiwa na afya kamili. Nesi alikuwa ameketi kando, akimmenyea chungwa. Hakuwa amevaa sare.

"Dada, pole. Wamesemaje?"

"Wamelitoa lote. Dawa zinaanza nikishapona kidonda. Daktari anasema tumewahi. Kaa."

Akakaa. Aliuliza hali ya kidonda, hali ya usingizi, hali ya chakula. Kisha, kwa sauti laini:

"Na ule mkoba, Dada?"

"Uko kwa keshia wa hospitali."

"Wote?"

"Wangu mimi ni sehemu tu. Uliobaki nimewalipia wenzangu vipimo."

"Wenzako gani?"

"Wale wako." Akamwelekezea nesi kidevu. "Huyu ana kichwa cha mtu wa jukwaani, alichokariri hakisahau. Kanitajia kila aliyechomwa kidole, na mtaa anaokaa. Wamekwisha kulipiwa. Shida ni moja: hawaji. Nesi kawaendea watano, wote wamemfukuza. Wanasema wao ni safi."

"Wamefurahi," alisema nesi bila kuinua macho. "Nani aende kuhakikisha furaha?"

Profesa akapangusa uso.

"Mnataka nifanye nini? Nikiwaambia kweli hawataniamini. Wewe mwenyewe hukuniamini."

"Nani kakwambia useme kweli?" akasema dada. "Kweli waachie wanaoiweza. Walete hapa, kwa ujanja wowote. Ukishamleta wa mwisho, nitamwambia Tajiri kwamba mkoba niliuchukua mimi, wewe hukujua lolote. Kabla ya hapo, mtaani ukionekana, shauri yako na vijana wake."

"Dada, huu ni utekaji."

"Ni malezi. Nilichelewa kidogo."

Asifikirie mtu kwamba alitubu. Mwandishi wa habari hizi hana ushahidi wa hilo, na hatoi majibu mema bila ushahidi. Aliondoka wodini akiwa amekasirika, akapita vichochoroni, akaenda kwenye nyumba ya kwanza katika kumbukumbu za nesi, ambayo ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu sikioni, ingawa hakukuwa tena na madaftari ya kusahihisha. Profesa akainama kwa heshima. Akamweleza, kwa sauti iliyonyooka, kwamba hospitali kuu sasa imekubali ubora wa mashine yake, na kwamba kwa heshima hiyo inawakaribisha wateja wake wachache walio bora zaidi kupimwa kwa mitambo mikubwa, bure kabisa, kila kitu kimekwisha kulipwa.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama kuanzia viatu hadi uparani.

"Bure?"

"Bure kabisa, mwalimu."

"Mtu atoke barabarani, agonge mlango wangu, anipe kitu cha bure?" Alikunja uso kwa namna iliyowahi kunyamazisha mabweni. "Kijana, mimi sikuzaliwa jana. Wewe ni tapeli."

Akaufunga mlango.

Profesa alisimama barazani kwa muda. Kisha akarekebisha kola yake, akagonga tena, na mlango ulipofunguliwa akaomba radhi kwamba alikuwa amekosea kueleza, akataja bei. Ilikuwa bei kubwa, ya kuumiza.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa uelewa, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.